Ndimu za Mwalimu

Juzi mjukuu wa shoga yangu alikuja kunisalimia na mwanawe. Mtoto ana usonji. Ndilo jina lake siku hizi, na ni vizuri kitu kikiwa na jina. Mama yake akanitolea kijitabu mkobani. Kila mchana mwalimu huandika humo mtoto amekula nini, amelia saa ngapi, ametulizwa vipi. Na asubuhi mama humjibu mwalimu, usiku mtoto amelala au amekesha. Nikakishika, nikakifungua kurasa mbili tatu, nikamrudishia. Nikamwambia ni kitu kizuri sana. Zaidi ya hapo sikusema. Nilikuwa nimechoka, na habari yangu mimi si ya kuelezwa mlangoni mtu akiwa na viatu mguuni. Nitaieleza hapa nimekaa. Kuandika kwa herufi hizi nilijifunza ukubwani, katika madarasa ya ngumbaro baada ya Uhuru, kwa hivyo mwenye kunicheka mwandiko na anicheke.

Tulikuwa tukikaa Likoni, upande wa kwendea Mtongwe, nyumba ya udongo na makuti yenye ua nyuma. Mume wangu alikuwa akifanya kazi Changamwe kwenye matangi ya mafuta. Alfajiri anavuka feri, anashika basi, anarudi magharibi ananuka mafuta ya taa mpaka kwenye kofia, na maneno yote amemaliza huko huko kazini. Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya Mngereza. Kila baraza watu wakibishana habari za Mwambao, tutakuwa pamoja na watu wa bara au tutakuwa peke yetu, bendera gani itapanda. Mimi sikuwa na nafasi ya kubishana na mtu. Nilikuwa na binti yangu.

Binti yangu alizaliwa mzuri, mwenye nywele za kujikunja na macho makubwa ambayo hayakuwahi kumtazama mtu. Maneno aliyajua, lakini hayakuwa yake. Ukimuuliza, "Wataka maji?" anakujibu, "Wataka maji?" kwa sauti yako mwenyewe, hata ile kero yako anairudisha ilivyo. Ukimshika ghafla hupiga kelele mpaka jirani atoke na mwiko mkononi. Na kila kitu alitaka kiwe pale pale kilipokuwa jana. Kata ya maji kipini chake kielekee mlango. Mkeka ukunjwe upande ule ule. Chakula chake kilikuwa muhogo wa kuchemsha, hauna nazi, hauna chumvi, umo ndani ya bakuli la bati lenye maua mekundu na mfuniko wake, na ua la mfuniko likae sawa na ua la bakuli. Ukimtilia kwenye sahani nyingine hali. Atakaa na njaa mpaka Isha, na wewe utakaa naye.

Watu walisema yao. Amepagawa, amerogwa, mamake alipita penye mbuyu akiwa na mimba. Tukaenda kwa mashekhe, tukaandikiwa kombe, aya za kuoshwa kwa maji, nikamnywesha kwa kijiko, nusu anameza nusu ananitemea kifuani. Hirizi alivishwa asubuhi, adhuhuri ishakatwa. Kila mtu alikuwa na dawa na hakuna aliyekuwa na muda wa kukaa naye nikakoge.

Mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, dawa yake ilikuwa chumba. Alikuwa na shamba la minazi Matuga, na nyumba yake huko ilikuwa na chumba kimoja cha uani ambacho komeo lake liko nje. Nilipoolewa nilimkuta ndani yake shemeji yake, mtu mzima na ndevu zake, mguu umefungwa kamba ya makumbi, chakula akipitishiwa dirishani. Mpaka siku yake ya kufa mavyaa alikuwa akijisifu kwamba yule shemeji alikufa mnene. Hakuwa mwanamke mbaya. Alimlisha kweli, na alimlilia kweli. Lakini binti yangu alipofika miaka minane, yule mama akafagia kile chumba, akakipaka chokaa, akatuma salamu kwamba mtoto kitanda chake kiko tayari. Mimi tangu siku hiyo sikulala usingizi wa raha.

Nilimng'ang'ania mume wangu ampeleke skuli. Aliniona nimerukwa na akili, lakini kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kubishana, alikwenda. Mwalimu mkuu akakubali kumtazama mpaka mwisho wa mwaka. Mavyaa naye akakubali, kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya mwanawe: mwaka ukiisha atakuja, aambiwe tu mtoto anafunzika au hafunziki. Akifunzika atabaki. Asipofunzika atakwenda naye Matuga, na neno lolote asisikie.

Basi hapo ndipo nilipofungwa mimi. Mwaka mmoja, na yote yatakayotokea yatatokea mahali nisipokuwepo.

Mwalimu wake alikuwa msichana wa Kitaita, ametoka chuo cha ualimu juzi juzi, mtu wa kanisani, soksi nyeupe mpaka siku ya mvua. Alikaa nyumba ya skuli, chumba kimoja nyuma ya madarasa, na mbele ya mlango wake palikuwa na mndimu. Heshima alikuwa nayo. Kila tukionana ananiamkia shikamoo kabla sijavuta pumzi, na Kiswahili chake cha bara kile, kifupi kifupi, lakini cha adabu.

Ila kuonana ndiko kulikokuwa na balaa. Siku ya kwanza nilikwenda skuli saa sita kumchungulia binti yangu. Aliponiona tu pale nje akajua wakati wa nyumbani umefika. Akatoka darasani mbio, na kurudi hakurudi, si siku hiyo wala kesho yake. Mwalimu akasema labda aje yeye kwetu. Akaja jioni moja, na mtoto alipomuona mlangoni akapiga kelele, akamshika sketi, akamvuta mpaka barabarani, akamgeuza uso kuelekea skuli. Mwalimu ni wa skuli. Mama ni wa nyumbani. Kila mmoja akae pale pale alipowekwa, kama kata ya maji. Nami sikuweza kumwacha peke yake nyumbani nikaenda huko jioni, kwa sababu nani atakaa naye? Nilikuwa na kitoto kingine bado kinanyonya.

Wa kupeleka maneno walikuwa mabinti wa jirani, ambao ndio waliomtangulia njiani kwenda na kurudi. Wiki ya kwanza niliwauliza. Lo, niliuliza nini mimi. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake, na kufika magharibi Likoni nzima ilijua binti yangu amemng'ata mwalimu, jambo ambalo halikutokea. Nikakoma.

Tulipatana kwa ufupi, mimi na mwalimu, pale barabarani alipovutwa sketi, mtoto akitusukuma huku na huku. Akaniambia, "Mama, herufi zako za Kiarabu mimi sizijui, na zangu wewe huzijui. Na huyu hatatuambia."

Nikamuuliza kama lile bakuli la muhogo ninalomtilia mtoto kikapuni kila asubuhi analiona linavyokuja na kurudi. Akacheka kwa aibu. Kumbe lile bakuli lilikuwa likimnyima usingizi. Alipokuja pwani mara ya kwanza alipanga kwa mama mmoja wa Kiswahili, akaletewa sahani ya futari, naye akaiosha vizuri akairudisha tupu. Yule mama hakumsemesha wiki nzima. Tangu hapo alijua kwamba huku kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Utatia chochote, hata vitunguu viwili, lakini utatia. Na sasa kila siku bakuli langu linarudi halina kitu, na yeye anaona vibaya, na mshahara wake haumruhusu kutujazia bakuli.

Nikamwambia basi tumalize mambo mawili kwa moja. Siku mtoto akiwa mzima, ametulia, amekaa na wenzake, atie kitu, kitu chochote kidogo. Siku ikiwa mbaya aniletee tupu, na mimi sitamhesabia kuwa hana adabu. Nitajua.

Tukaagana hivyo. Nilirudi ndani nimefurahi, maana nilijiona mjanja.

Mwanzo lilikuja tupu. Likaja tupu tena. Nilikuwa nikikaa kwenye kibao cha mbuzi uani, nakuna nazi, masikio yote njiani. Mtoto anaingia, anaweka kikapu pale pale kwenye nguzo, nami nafungua mfuniko. Tupu. Jirani yangu wa kulia, ambaye macho yake hayakuwa na likizo, akaanza kunihurumia kwa sauti: huyo mwalimu wako wa bara, kila siku chombo kinarudi hivi hivi, jamani, hata chumvi. Nikameza. Ningemwambia nini? Nimwambie utupu ule ndio habari yenyewe, ili kesho isikike kwa mavyaa?

Halafu siku moja nikafunua, nikakuta ndimu. Moja, kijani, bado ina jani lake. Niliinusa. Niliisugua mikononi mwangu mpaka mafuta yakatoka. Nikamwita binti yangu, nikamwambia amefanya vizuri, mwanangu, mama ameona. Naye alikuwa ameshakaa kwenye mkeka anapanga kokwa za ukwaju kwa safu, hana habari nami. Nililia kidogo. Furaha ile sijui kuieleza, na sijaipata mara nyingi baadaye.

Baada ya hapo tupu tena, kisha ndimu, kisha siku mbili za ndimu. Ikafika wakati hakuna siku bila ndimu. Mvua za masika zikaja zikaenda, na ndimu inakuja tu. Nikaona nisizitumie hovyo kwenye samaki. Nikawa nazikata nne nne, natia chumvi na pilipili, naanika juani kwenye ungo, natia chupani. Chupa ikapanda. Ile achari nilikuwa nikiitazama kama mwenye duka anavyotazama rafu zake. Kila kipande ni siku ambayo binti yangu alikaa na watu.

Kweli kulikuwa na mambo ambayo sikuyapenda. Ndimu zilianza kuja za manjano, zilizopondeka, nyingine ina sisimizi. Nikasema watu wa bara hawa, hata ndimu hawajui kuchagua. Na mtoto alikuwa akirudi sauti imemkauka. Nikasema amesoma sana. Muhogo wa jioni alikuwa haumalizi. Nikasema ameshiba kwa wenzake. Mtu akitaka kuamini, hakosi la kusema.

Mavyaa alikuja kututazama mwezi wa Maulidi. Nikampakulia wali na samaki wa kukaanga, nikamwekea achari pembeni, akala, akalamba kidole, akauliza ndimu nimenunua wapi. Nilikuwa nikilingojea swali hilo. Nikamweleza yote, tulivyopatana na mwalimu, kila ndimu na maana yake, nikamwonyesha na chupa. Aliitazama ile chupa muda mrefu. Kisha akaniambia, bila hasira, kwamba mwalimu huyo ni kijana, na vijana hupenda kufurahisha watu. Nikaumia. Lakini alichukua achari kidogo ya kwenda nayo Matuga, na chumba hakukitaja siku hiyo, nikajiona nimeshinda.

Ilipokaribia mwisho wa mwaka, mwalimu mkuu alimwita mume wangu. Alikwenda na nguo za kazi. Aliporudi alikaa kitandani, akavua kiatu kimoja, kingine akakisahau. Akasema mtoto hajakaa darasani tangu kabla ya Maulidi. Kila wakipiga kile chuma cha reli ambacho ndicho kengele yao, anajitupa chini, anapiga kelele mpaka wenzake nao wanamwigiza. Kila siku mwalimu anamtoa, anampeleka kukaa mlangoni kwake nyuma ya skuli mpaka wakati wa kwenda nyumbani. Na mwalimu amesema mama yake anaarifiwa kila siku. Kila siku ya Mungu anaarifiwa, na hata mara moja hajafika kuuliza.

Niliwaka, nasema kweli. Ndimu zile zote, na kumbe ni uongo, mavyaa aliona na mimi sikuona. Huyu msichana amenichezea mwaka mzima, halafu anasema mimi ndiye nimemtupa mwanangu. Kesho yake nilimwachia jirani kile kitoto, nikavaa buibui, nikapita nyuma, njia ya mihogoni, ili binti yangu asinione. Nikatokea kwenye jiko la mwalimu, kijibanda cha makuti kando ya nyumba yake. Alikuja kuchukua maji akanikuta nimekaa juu ya gogo la kuni.

Aliniamkia. Sikumwitikia. Alikuwa amekonda, ndiyo mara yangu ya kwanza kuona hilo. Nikamuuliza nimemkosea nini hata anidanganye.

"Mimi nikudanganye?" akasema. "Mama, nimekurudishia bakuli tupu miezi na miezi. Nikasema leo atakuja, kesho atakuja. Nikalia humu ndani peke yangu, nikasema huyu mama amechoka na mtoto wake, ameniachia mimi."

"Tupu? Mwalimu, mimi nina chupa nzima ya achari."

Hakuelewa. Ikabidi nimweleze ndimu, moja kila siku. Akatikisa kichwa. Ndimu alitia mwanzo mwanzo tu, akasema, zile siku chache njema. Tangu mtoto aanze kutolewa darasani hajatia hata moja. Akaapa kwa Mungu wake. Mimi nikaapa kwa wangu. Tulikuwa tukigombana kwa kunong'ona, wanawake wawili ndani ya moshi, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa hapo hapo upande wa pili wa makuti, amekaa kizingitini kwa mwalimu, viganja masikioni.

Wakapiga kile chuma cha kwenda nyumbani. Mtoto akapiga kelele, akajikunja, akanyamaza. Moyo ulinitoka, lakini sikwenda, maana ningekwenda ningeharibu zaidi. Mwalimu akanifanyia ishara nikae. Akatoka, akachukua bakuli, akalifunua kunionyesha pale makutini nilipokuwa nachungulia. Tupu. Akalifunika, akalitia kikapuni, akaweka kikapu mbele ya mtoto, akarudi kusimama kando yangu.

Binti yangu aliinuka. Hakuchukua kikapu. Alikwenda chini ya mndimu, akainama, akaokota ndimu iliyoanguka, akainusa, akaitupa. Akaokota nyingine. Akarudi, akatoa bakuli, akafunua, akatia ile ndimu, akafunika, akageuza mfuniko mpaka ua likakaa sawa na ua. Ndipo alipobeba kikapu chake akaenda kuwafuata mabinti wa jirani.

Mwalimu aliketi chini na sketi yake safi. Alisema, "Ee Mungu wangu," polepole, akajifunika uso. Mimi nilibaki nimeshika yale makuti. Sikujua nicheke au nini. Ile ndimu ya kwanza kabisa binti yangu alikuwa ameiona ikiingia, na ya pili, na kwake yeye kitu kikishakuwa ndivyo kilivyo, basi kiwe hivyo siku zote. Na siku zake mbaya ndizo alizokuwa akiketishwa chini ya mndimu. Kadiri alivyoteseka ndivyo alivyokuwa karibu na ndimu. Chupa yangu yote ile ilikuwa vilio. Niliwaza hivyo, nikakaa kando ya yule msichana, na hasira zangu zote hazikupata mtu wa kumwangukia.

Alinipeleka kwa mwalimu mkuu yeye mwenyewe, amenishika mkono. Akamwambia kwamba mtoto huyu amejifunza. Kitu ambacho mimi mtu mzima, akasema, nilikijua kwa kununiwa wiki nzima, yeye amekijua kwa kuona tu: bakuli halirudi tupu. Alizungumza vizuri, maskini. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mkali. Alikuwa na madarasa yenye watoto hata dirishani, na macho mekundu ya mtu asiyelala. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "mkaguzi hatakuja kuuliza habari ya ndimu."

Mwakani nafasi hakuna. Na mwalimu wangu yule naye alikuwa amekwisha pata barua ya uhamisho wa kurudi kwao bara. Tulipoagana alinitilia ndimu mbili kwenye pindo la leso. Sikumuona tena.

Nyumbani sikumwambia mume wangu maneno mengi. Alisikiliza ananyoosha miguu. Akasema mama atakuja Ijumaa, kisha akaenda kumfungia binti yake kamba za viatu, viatu ambavyo hakuwa na pa kwenda navyo. Ile chupa ya achari niliiteremsha nikaitazama, nikataka kuimwaga chooni. Sikuimwaga. Hata kuimwaga kulihitaji mtu mwenye nguvu.

Wiki nzima nilijitungia maneno ya kumwambia mavyaa. Nikiosha vyombo natunga, nikinyonyesha natunga. Nilikuwa na maneno mazuri sana. Ijumaa akaja baada ya sala, amebeba sahani ya mkate wa kumimina, juu yake kawa la kufunikia, na kwapani doti ya leso mpya ya kumvisha mjukuu wake safarini. Nikamwamkia, akaniitikia. Tukala ule mkate, sote, isipokuwa binti yangu aliyekuwa kwenye mkeka wake na kokwa za ukwaju. Mume wangu akatoka kwenda barazani. Mavyaa akapangusa mikono, akaniuliza lile aliloahidi kuuliza: "Haya, mwanangu. Anafunzika, au hafunziki?"

Na mimi, wallahi, nilinyamaza. Maneno yote yale yalikuwa yameisha, nayatafuta hayapo. Niliangalia chini. Mavyaa akavuta pumzi, akasema basi, Mungu ndiye mjuzi, nimfungie vitu vyake. Nikaenda nikafunga nguo zake tatu. Nikachukua bakuli lenye maua mekundu, nikalifuta, nikaliweka juu ya nguo. Nikafikiri kule Matuga litapita dirishani au halitapita, na fikra hiyo nikaiacha hapo hapo, maana ningeendelea nayo ningeanguka.

Nikasuuza sahani ya mkate. Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni, ananyoosha buibui lake. Nikampa sahani mkononi, na juu yake lile kawa lake. Tangu niolewe sikuwahi kumrudishia yule mama chombo kitupu, hata siku ambazo ndani hamna kitu nilitia kitunguu. Siku hiyo nilimpa tupu na sikujua kama nimempa tupu. Yeye alijua. Alilifunua kawa, akaitazama sahani, akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika.

Binti yangu akainuka kwenye mkeka. Nilidhani ameelewa anapelekwa, nikajitayarisha kwa kelele. Alipita baina yetu hatazami mtu, akaingia jikoni. Tukasikia kikapu cha vitunguu kinapekuliwa. Akarudi na ndimu, moja ya zile mbili za mwalimu. Akaiweka katikati ya sahani, mikononi mwa bibi yake, akachukua lile kawa akafunika, akaligeuza kidogo, akaligeuza tena mpaka lilipokaa atakavyo. Kisha akarudi mkekani kwenye kokwa zake.

Mavyaa alibaki pale mlangoni na sahani yake. Nje mume wangu alikuwa akimsemesha mtu, sauti yake ndiyo iliyokuwa ikisikika.

"Nani kamfunza haya?" mavyaa akauliza.

"Skuli," nikasema.

Akafunua kawa, akaichukua ile ndimu, akainusa, akaifunga kwenye pindo la leso yake, akalikaza fundo kwa meno. Ile doti mpya akaiweka juu ya kitanda changu. Akajitanda buibui, akavaa viatu. Alikuwa amekwisha vuka kizingiti aliposema, hakugeuka:

"Kile chumba nitatia nazi."